Dondoo muhimu: Je, unaweza malezi ya kambo?

Anza na swali gumu: siku ya mtoto kurudi kwao ikifika, utaweza kumwachia? Nchini Tanzania, malezi ya kambo yanatambuliwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, lakini si kuasili. Hali ya kwao ikitengemaa, mtoto anaweza kurudi. Ukitaka awe wako moja kwa moja, njia yake ni kuasili, na hupitia Mahakama Kuu.

Zungumza na wa nyumbani, watoto wako wakiwemo. Mwenzi anayekubali kwa shingo upande atamuumiza mtoto kuliko kama angekataa.

Usitarajie shukrani. Mtoto aliyezoea kulala njaa anaweza kuficha kipande cha chapati chini ya mto, hata kama ameshiba. Usimgombeze. Mwonyeshe chakula kinapowekwa, mwambie na kesho kipo. Kama jambo hilo linakukera badala ya kukugusa, subiri kwanza.

Utajiri si lazima. Kipato kisichoyumba kinatosha. Ukiwa tayari, mwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Akija kuiona nyumba, mweleze ukweli wote, hata ule wa ndoa yako.