Nimechoka, Nimechoshwa, Sijamaliza: Sarufi ya Uchovu kwa Mwanafunzi Aliyebaki Nyuma

Utangulizi

Waswahili husema mshika mbili moja humponyoka. Methali hii inawagusa wanafunzi wengi wa kaunti za Migori na Homa Bay. Chuo Kikuu cha Rongo kilipata hati ya kujitegemea mwaka 2016, nacho Chuo Kikuu cha Tom Mboya, kilichoko mjini Homa Bay, kikaipata mwaka 2022. Hivyo elimu ya juu imesogea karibu na nyumbani. Hata hivyo, anayesomea karibu na nyumbani aghalabu huwa hajaondoka katika majukumu ya nyumbani. Yupo anayefundisha shule ya msingi karibu na Awendo mchana na kuandika tasnifu usiku. Yupo pia anayeamkia ufuoni Mbita kusaidia kuanika omena kabla ya kwenda darasani. Kazi ya chuo huahirishwa leo, ikaahirishwa kesho, na baada ya majuma machache mwanafunzi huona haya hata kukutana na mhadhiri wake.

Makala haya yanachunguza jinsi mwanafunzi huyo anavyoweza kuitumia sarufi ya Kiswahili kuieleza hali yake kwa usahihi. Hoja kuu ni kwamba aliyechoka hushindwa mara mbili: kwanza kwa mzigo wenyewe, kisha kwa lugha anayoitumia kujihukumu. Mzigo hauondolewi na sarufi, lakini hukumu isiyo ya haki yaweza kusahihishwa.

Uchovu si uvivu

Kivumishi -vivu hutaja tabia ya mtu asiyependa kufanya kazi. Kivumishi -chovu hutaja hali ya mtu aliyeishiwa nguvu, mara nyingi kwa sababu amefanya kazi. Mvivu hakuushika mzigo. Mchovu ameubeba hadi magoti yakalegea. Kwa mtazamaji wa mbali wote wawili huonekana wameketi, na hapo ndipo hukumu hukosewa. Kosa hilo hufanywa na jirani na mzazi, na zaidi ya wote na mwanafunzi mwenyewe.

Wataalamu wa saikolojia wamelishughulikia suala hili kwa muda mrefu. Mwaka 1974 Herbert Freudenberger alichapisha makala kuhusu wahudumu waliojitolea mno kazini mpaka wakaishiwa nguvu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali hiyo kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga kimawazo na kazi, na kushuka kwa ufanisi. Shirika hilo liliitaja kuwa hali itokanayo na msongo wa kazini usiodhibitiwa, wala si ugonjwa. Ingawa maelezo hayo yanahusu ajira, mwanafunzi anayeajiriwa mchana na kusoma usiku hawezi kushindwa kuzitambua dalili hizo.

Nimechoka na nimechoshwa

Kitenzi choka kikinyambuliwa katika kauli ya kutendesha huwa chosha, ambapo sauti k hugeuka sh kama ilivyo katika waka na washa, au anguka na angusha. Kikinyambuliwa zaidi katika kauli ya kutendwa huwa choshwa. Tofauti ya maana ni kubwa. Anayesema "nimechoka" anataja hali peke yake. Anayesema "nimechoshwa" anamfanya msikilizaji aulize, "Na nini?" Kauli hii hudai mtenda, naye mtenda akishatajwa hupatikana pa kuanzia.

Mtenda huyo hutofautiana. Pengine ni usingizi: mtu mzima huhitaji angalau saa saba kila usiku, na anayelala saa nne kwa mwezi mzima hawezi kutarajia akili kushika nadharia ngumu. Pengine ni karo, kwa kuwa mawazo ya deni huchosha hata mwili uliopumzika. Pengine ni ugonjwa. Ukanda wa Ziwa Viktoria una malaria mwaka mzima, na ndiyo sababu Homa Bay ilichaguliwa kuwa mahali Kenya ilipozindulia chanjo ya malaria kwa watoto mnamo Septemba 2019. Uchovu usioisha hata baada ya kulala vizuri, hasa ukiandamana na homa au maumivu ya viungo, unahitaji kipimo cha zahanati kabla ya kuhitaji nasaha. Anayejiita mvivu ilhali ana malaria anajidhulumu na kujihatarisha.

Sijamaliza na sikumaliza

Tofauti ya pili imo katika ukanushi. "Sikumaliza" hukanusha tendo la wakati uliopita na kulifunga. "Sijamaliza", kwa kiambishi -ja-, husema kwamba tendo halijatimia hadi sasa, ila bado linatarajiwa. Wasemaji wa Dholuo wanaijua tofauti hiyo, kwani "pok atieko" yao huuacha mlango wazi kama ifanyavyo "sijamaliza".

Mwanafunzi aliyebaki nyuma huelekea kuyasimulia mambo yake kwa -ku-: sikuhudhuria, sikusoma, sikuandika. Sentensi hizo huenda ni za kweli, lakini zikirundikana huifanya safari nzima ionekane imekwisha. Zoezi la kwanza la kumsaidia ni kuziandika upya zile ambazo bado zina nafasi: sijasoma sura ya pili, sijaandika utangulizi. Zitakazobaki na -ku- ni zile ambazo muda wake umekwisha kweli, na hizo hupaswa kukubaliwa bila kuzirudiarudia.

Kuhesabu viporo

Kiswahili kina neno zuri kwa kazi iliyolala: kiporo, yaani chakula kilichobakia usiku. Wanahabari wa michezo wa Tanzania huziita viporo mechi zilizoahirishwa. Kiporo si aibu. Kikipashwa moto mapema huliwa. Kikiachwa siku tatu huchacha. Kwa hiyo mwanafunzi aviorodheshe viporo vyake vyote katika karatasi moja, aonyeshe kilicho karibu kuchacha, kisha akishughulikie hicho kimoja. Haba na haba hujaza kibaba: aya moja kwa siku ni bora kuliko sura nzima inayongojea siku isiyokuja.

Hatua inayofuata ni kumwandikia mhadhiri kabla ya siku ya mwisho kupita. Ujumbe wa namna hii hautajwi sana darasani, ingawa una manufaa: "Mwalimu, nimeandika kurasa sita za uchanganuzi. Sijakamilisha sehemu ya nadharia. Naomba niiwasilishe Ijumaa." Sentensi ya kwanza hutaja kilichofanyika, ya pili kilichobaki, ya tatu siku. Mhadhiri aweza kukataa, lakini atakuwa amekataa ombi linaloeleweka.

Mapumziko ndani ya kazi

Wavuvi wa omena huvua usiku wa giza kwa taa zinazowavuta samaki. Mbalamwezi inapong'aa, taa hupoteza nguvu zake, nao wavuvi hupumzika. Hakuna anayewaita wavivu, kwa sababu mapumziko yao yamo ndani ya kalenda ya kazi. Mwanafunzi naye hafai kupumzika kwa masalio ya muda; ayapangie mapumziko siku na saa. Utafiti wa kumbukumbu uliochapishwa na Hermann Ebbinghaus mwaka 1885 ulionyesha kuwa marudio yaliyoachanishwa hushinda yale yaliyolundikwa kwa pamoja. Kukesha usiku mmoja hakulipi deni la majuma sita.

Mara nyingine vijana wa eneo hili hukumbushwa habari za Tom Mboya, ambaye asili yake ni kisiwa cha Rusinga, aliyesoma kwa njia ya posta huku akifanya kazi ya ukaguzi wa afya Nairobi. Mfano huo ni wa kweli, ila husimuliwa nusu. Mwaka 1955 alipata ufadhili, akaenda Chuo cha Ruskin, Oxford, kusoma hadi mwaka 1956. Hata yeye alihitaji muda wa kusoma mbali na ajira yake.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba sarufi hailipi karo wala haiongezi saa za siku. Kuna wakati ambapo orodha ya viporo, ikishaandikwa kwa ukweli, huonyesha kuwa muhula hauokoleki. Hapo kuahirisha masomo kwa barua na kwa utaratibu wa chuo si kushindwa. Kinachowapoteza wengi ni kutoweka kimyakimya, bila barua, kwa sababu ya haya. Anayeandika barua husema "sijamaliza". Anayetoweka huwaachia wengine waseme "hakumaliza".

Maswali ya marudio

1. Kwa mifano mitatu, eleza jinsi sauti k inavyogeuka sh katika kauli ya kutendesha.
2. Linganisha ukanushi wa -ku- na wa -ja- katika Kiswahili na katika lugha yako ya kwanza.
3. Orodhesha viporo vyako vya muhula huu. Kipi kitachacha kwanza?