Dondoo muhimu: Kando ya mto Kilombero

Ukitoka Ifakara kwenda Ulanga, usiulizie pantoni. Vuka kwa daraja lililozinduliwa 2018. Nenda Juni hadi Oktoba, kwani masika mto hufurika bondeni na njia za pembeni huwa tope tupu. Ramani za zamani zisikudanganye: sehemu kubwa ya ardhi oevu ya swala aina ya sheshe sasa ni pori la akiba, hivyo ulizia kibali kabla ya kukodi mtumbwi. Mpiga kasia awe mwenyeji anayejua viboko walipo leo, si walipokuwa mwaka jana. Huna siku nyingi? Ishia Mang'ula, uingie Hifadhi ya Milima ya Udzungwa kuona maporomoko ya Sanje, mita 170. Viatu vyenye meno ni lazima; kandambili ziache gesti.