Mkutano wa mafundi wa kompyuta: nani ana nini, nani anatafuta nini

Somo la mwezi huu ni kwa vikundi vyenye vijana wanaoandika programu za kompyuta, yaani yale maagizo yanayoiambia kompyuta au simu ifanye nini. Vijana hao hawako Nairobi peke yake. Shida ni kwamba kila mmoja yuko kwake. Akikwama anakwama peke yake, na kumbe mwenzake wa soko la pili alikwama pahali hapo hapo mwezi jana. Siku moja watakuja kuwaomba chumba cha kukutania. Mtawasaidiaje?

Tuangalie kikundi kimoja cha Marekani kilichoanza bila ofisi wala mfadhili. Tarehe 5 Machi 1975, watu 32 walikutana katika gareji ya Gordon French, mjini Menlo Park, California. Yeye na Fred Moore ndio waliowaalika. Siku hizo kompyuta zilikuwa za makampuni makubwa, vyuo na serikali. Lakini Januari ya mwaka huo gazeti moja lilitangaza Altair 8800, kompyuta unayonunua vipande vipande ukajiunganishia mwenyewe. Haikuwa na kibodi wala skrini. Sasa ukishaiunganisha, uifanyie nini? Hapo ndipo watu walihitajiana, na kikundi kikaitwa Homebrew Computer Club.

Gareji ilijaa upesi, wakahamia kumbi kubwa zaidi. Mwongozaji wao akawa Lee Felsenstein, na mtindo wake ndio ningependa tuukalie kidogo. Mkutano aliugawa mara mbili. Kwanza watu walikaa, na mmoja mmoja akasimama kusema kwa ufupi: nina hiki, natafuta kile, nimesikia hili, nani anajua lile? Hakuna kujibu kwa urefu. Kazi ya mwongozaji ilikuwa kumkatiza msemaji mrefu na kumpa nafasi anayefuata. Sehemu ya pili, wote waliinuka na kila mtu akamtafuta yule aliyemsikia. Mwenye kipande akakutana na mwenye shida.

Linganisheni na mikutano yetu. Mwenyekiti anafungua, mgeni anahutubia saa nzima, katibu anasoma kumbukumbu, halafu watu wanaenda nyumbani bila kujua aliyeketi karibu nao anafanya kazi gani. Kwa mafundi huo ni muda uliopotea. Na yule mwenye haya hasemi kitu kabisa. Memba mmoja wa Homebrew, Steve Wozniak, alikuwa mtu wa haya sana. Hakuwa wa kuhutubia, lakini watu walizunguka meza yake wakitazama kompyuta aliyoibuni, na michoro yake aliwapa wenzake bure. Kompyuta hiyo ndiyo iliyouzwa kwa jina la Apple I, mwaka 1976.

Palikuwa na ugomvi pia, tusifiche. Memba walinakili programu ya Altair BASIC na kugawiana bila kulipa. Februari 1976 Bill Gates, mmoja wa walioiandika, alitoa barua ya wazi akilalamika kuwa huo ni wizi, na kwamba nani ataandika programu nzuri ikiwa halipwi? Wenzake wengi walikasirika. Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na haki yake: ujuzi ukifichwa kikundi hufa, na kazi ya mtu ni chakula cha watoto wake. Basi vijana wakubaliane mkutano wa kwanza kabisa: kinachosemwa hapa ni cha wote, lakini programu anayouza mtu hainakiliwi bila ruhusa yake.

Jambo lingine ni mwanzilishi. Moore ndiye aliyeandika jarida la kwanza la kikundi, lakini hakukaa sana. Homebrew haikufa, wengine walishika, ikaendelea hadi Desemba 1986. Kwa hivyo ufunguo wa chumba na orodha ya memba visikae kwa mtu mmoja.

Hapa kwetu, iHub ilifunguliwa Nairobi Machi 2010, kwenye Barabara ya Ngong, mafundi wakapata pa kukutania. Mwaka huo huo kina dada walianzisha AkiraChix, maana wanawake kwenye kazi hii walikuwa wachache. Ninyi hamhitaji jengo kama hilo. Chumba chenye umeme, viti, na siku isiyobadilika, tuseme Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nane hadi saa kumi, ili wasichana wafike nyumbani mapema. Posho msianze nayo. Ikizoeleka, siku itakapokosekana na watu watakosekana.

Mjadiliane kikundini: Ni vijana gani kwetu wanaojua kazi hii, na nani atawatembelea? Katika mkutano wetu uliopita, nani hakufungua mdomo? Tukijaribu ule mtindo wa "nina hiki, natafuta kile" kwa dakika ishirini tu, nani kati yetu ataweza kuwakatiza wazee bila kuwakosea heshima?