Somo la Chama cha Wasomaji: Mapenzi Wakati wa Vita

Wasomaji wapenzi wa Musoma, Bunda na Butiama, mkitaka kusoma pamoja hadithi ya mapenzi na vita, nawashauri mwanze na "Afterlives" cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 2021. Kilitoka mwaka 2020 kwa Kiingereza. Jambo hilo lisiwazuie. Ajuaye Kiingereza na asome sura nyumbani, kisha aje kuisimulia kwa Kiswahili, nacho ndicho lugha wanayosema watu wa hadithi hiyo wenyewe.

Hamza ni kijana aliyejiandikisha askari wa Wadachi kwa hiari yake. Vita vya 1914 hata 1918 vyamkuta huko. Afisa mmoja amfundisha Kijerumani. Mkubwa mwingine amkata kwa upanga, naye apona kwa kutunzwa na watu wa misheni. Kisha arudi mjini pwani, achechemea, hana kitu. Katika nyumba alimopewa mahali pa kulala amwona Afiya. Afiya naye ana jeraha lake: mtu wa nyumba alimolelewa alimvunja mkono, kwa sababu alijua kuandika. Kaka yake Ilyas amekwenda vitani, wala hajarudi.

Hapa yafaa kutulia, hata mkimaliza saa nzima. Hamza achukua shairi la Schiller, Mjerumani, aligeuze kwa Kiswahili, na kumpa Afiya katika kipande cha karatasi. Waulizeni wenzenu: kwa nini mtu ampe mpenzi wake maneno ya lugha ya wale waliomtia kovu? Tena mwangalie jambo hili, ambalo wengi hulipita: Afiya aweza kulisoma kwa sababu ya elimu ile ile iliyomvunjisha mkono. Mimi naona hapo ndipo penye moyo wa kitabu, kuliko mahali po pote pa mapigano.

Swali la pili ni gumu. Hamza hakukamatwa, wala Ilyas; walikwenda wenyewe. Mtu asifanye haraka kuwahukumu, wala kuwasamehe. Kwanza kiongozi na aeleze vita vile vilivyokuwa. Upande wa Waingereza peke yake wachukuzi walikuwa kama milioni moja, na katika hao wapata 95,000 walikufa, wengi kwa ugonjwa na njaa. Jina la Kariakoo la Dar es Salaam latoka kwa jeshi hilo la wachukuzi. Askari wa Lettow-Vorbeck waliweka silaha chini huko Abercorn, yaani Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya.

Wala msidhani hayo yalikuwa mbali na sisi. Mwaka 1914 meli ya Waingereza iitwayo Sybil ilipanda mwamba karibu na Majita, ikaachwa pale katika maji ya upande wa Wadachi.

Wazee wa vita vya mwaka 1914 hawapo tena. Bali wako waliokwenda Uganda katika vita vya 1978 na 1979, na wake waliowangoja. Mwalikeni mmoja wao, naam, mama mmoja hasa, kwa kuwa kitabu hiki chasema sana habari za wangojao. Asiulizwe nani alimwua nani. Aulizwe habari zilimfikiaje, na ni nani aliyemsomea barua. Ikiwa katika chama yuko ambaye mtu wake hakurudi, aambiwe mapema ni sura gani itakayosomwa, apate kuchagua kuja au kukaa nyumbani. Wala asilazimishwe kunena.

Mwisho wa Ilyas siusemi hapa. Kiongozi na ausome kwanza peke yake, tena siku ya kuusoma na wenzake asipange shughuli nyingine baada yake.