UNAUZA ANKA BOLTI KWA SIMU? MUULIZE MTEJA MASWALI HAYA 3 KABLA YA KUPAKIA MZIGO

Wewe unayeuza vifaa vya ujenzi mtandaoni, oda hii unaijua: "Nitumie anka nne za namba 10." Usipakie kwanza.

Mimi niko Sumbawanga, wateja wangu wengi wako Laela, Matai na Namanyere. Anka nne faida yake ni ndogo. Zisipofaa, nauli ya kuzirudisha kwa basi inaimaliza yote. Na zisiposhika, kilichofungwa kinaweza kumwangukia mtu. Ukuta hatuuoni, kwa hiyo lazima tuulize.

1. UNATOBOA KWENYE NINI?
Anka inashika kwa kutanuka. Ukikaza nati, ncha nene ya bolti inavutwa, inatanua ganda la bati, na ganda linabana tundu. Zege gumu linahimili msukumo huo. Tofali la kuchoma linapasuka.

Huku Ufipa nyumba nyingi ni za tofali za kuchoma. Zege unalikuta kwenye nguzo, lenta na jamvi. Kwa hiyo mteja akinijibu "tofali", simuuzii anka hata kama hela ameshaishika mkononi. Kitu chepesi, namuuzia plagi za plastiki na skrubu zake, na namwambia azime nyundo ya drili wakati wa kutoboa. Kitu kizito, afunge kwenye lenta, au apitishe bolti ndefu itokee upande wa pili wa ukuta na kuwekewa kipande cha chuma nyuma.

Akijibu "zege", uliza lina siku ngapi. Zege jipya liache likomae siku 28.

2. UNAFUNGA NINI?
Shelfu ya duka na mashine ya kusaga mahindi si kitu kimoja. Mashine inatikisika kutwa nzima na nati zinalegea. Kama jamvi bado halijamwagwa, mshauri fundi wake azike bolti kwenye zege lenyewe. Kama limeshamwagwa, muuzie anka pamoja na washa za springi, na mwambie akague nati mara kwa mara.

3. HIYO 10 NI YA BOLTI AU YA TUNDU?
Hapa ndipo mizigo mingi inaporudi. Anka yenye ganda refu linaloizunguka bolti, kwa kawaida ya M8 inaingia tundu la milimita 10, na M10 tundu la 12. Ile yenye pete fupi karibu na ncha, M10 inaingia tundu la 10. Mwambie apige picha drili biti aliyonayo, na wewe kwenye tangazo lako andika vipimo vyote viwili.

MAELEKEZO YA KUTUMA PAMOJA NA MZIGO
✅ Tundu liwe refu kidogo kuliko sehemu ya anka itakayozama.
✅ Toa vumbi lote kwa brashi, kisha puliza. Vumbi linafanya anka iteleze.
✅ Kutoka ukingo wa zege, acha angalau mara 5 ya upana wa tundu. Kati ya anka na anka, mara 10. Tundu la milimita 10, basi sentimita 5 na sentimita 10.
✅ Ukigonga nondo, hamisha tundu.
✅ Kaza kwa spana. Bolti ikizunguka tu au ikizidi kutoka nje, haijashika. Usitundike kitu.

Ujumbe wa kunakili:
"Asante kwa oda. Kabla sijatuma naomba unisaidie: unatoboa zege au tofali? Unafunga nini, na kina uzito gani? Drili biti yako ni ya ukubwa gani?"

Ni dakika mbili tu. Mteja ambaye kitu chake kimekaa imara ukutani atarudi, na atamleta jirani yake.

Hifadhi post hii, mtumie na mwenzako anayeuza vifaa. Swali lako tupia hapo chini 👇