Kinamasi cha Rugezi na Taa za Kacyiru

Mtu asimamaye usiku juu ya kilima chetu cha Kacyiru huona taa kila upande: za Kimihurura, za Nyarugenge ng'ambo ya bonde, na nyingine mbali zisizohesabika. Wengi wetu hatujiulizi nuru ile yatoka wapi. Twabonyeza swichi, basi. Lakini mwaka 2004 watu wa Kigali walilazimika kujiuliza, maana umeme ulikuwa haba sana, nao wakarudia mishumaa na taa za mafuta. Mimi sikuwa nimezaliwa bado, ila wazee wetu nyumbani wanalikumbuka vizuri giza lile.

Sababu moja kubwa ya shida hiyo haikuwa katika nyaya. Ilikuwa katika majani ya kinamasi kilicho mbali kaskazini, karibu na mpaka wa Uganda, jina lake Rugezi. Nimependa kuieleza habari hii kwa sababu katika somo la mazingira twafundishwa maji, ardhi, hewa na viumbe hai, kila kimoja katika sura yake ya kitabu, hata mwanafunzi hudhani kwamba kila kimoja huishi peke yake.

Na tuyafuate maji. Rugezi ni bonde lililo juu milimani, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Maji yake hutoka kwa maporomoko yaitwayo Rusumo (siyo Rusumo ile ya mto Akagera ijulikanayo na wote) yakaingia Ziwa Burera. Jirani na Burera liko Ziwa Ruhondo, nalo liko chini kwa kadiri ya mita 100. Wahandisi waliona mteremko huo ni mali. Wakajenga hapo mtambo wa Ntaruka, ulioanza kazi mwaka 1959: maji ya Burera hushuka kwa nguvu katika mabomba, yakazungusha magurudumu ya mtambo, kisha yakaingia Ruhondo. Hayajamaliza safari. Hutoka Ruhondo kwa mto Mukungwa, ambako mtambo mwingine huyatumia tena, yakamwagika katika mto Nyabarongo upitao kando ya Kigali. Mvua inyeshayo hapa Kacyiru nayo huteremka mpaka mto Nyabugogo, na Nyabugogo hukutana na Nyabarongo. Pale Nzove maji ya bonde la Nyabarongo husafishwa, yakaletwa mjini katika mifereji. Basi tone lililowasha taa yako laweza kuja tena siku nyingine ukalinywa.

Sasa, kazi ya kinamasi ni nini katika safari hiyo? Mvua kubwa ya masika huja kwa fujo, kisha kuanzia Juni mpaka Agosti mbingu hufunga. Mtambo hautaki fujo. Wataka maji yaje pole pole mwaka mzima. Rugezi hufanya kazi ya kipande cha godoro kilichotoswa majini: hunywa upesi, hutoa taratibu. Majani marefu na mafunjo huzuia mbio za maji, na mizizi yake huyashika.

Sisi wanafunzi wanne tulijaribu jambo hili nyuma ya bweni. Tulitwaa makopo mawili ya mafuta, tukayatoboa chini matundu sawasawa. Katika moja tulitia udongo mtupu ulioshindiliwa, katika la pili tulitia bonge la nyasi pamoja na mizizi na udongo wake mweusi kutoka bondeni. Siku ya kwanza kazi iliharibika, kwa kuwa kopo moja lilikuwa na kutu na kuvuja ubavuni, nasi tukabishana bure mpaka kengele ya chakula. Siku ya pili tulimwagia kila kopo maji kiasi kimoja. Kopo la udongo mtupu lilifurika juu mara moja, maji yakamwagika pembeni mekundu kama chai. Kopo la nyasi lilimeza, nalo likaendelea kudondosha matone masafi hata baada ya sala za jioni.

Udongo ule mweusi una siri nyingine, na hapa ndipo hewa inapoingia katika hadithi. Majani huvuta hewa ya ukaa, nayo kwa nuru ya jua hujenga shina na mizizi. Yakifa shambani, vijidudu huyaozesha, na hewa ile hurudi angani. Lakini chini ya maji ya kinamasi oksijeni ni kidogo mno, vijidudu havina nguvu, kwa hiyo majani huoza nusu tu, yakalala tabaka juu ya tabaka kwa maelfu ya miaka. Ukichimba mfereji ukayatoa maji, oksijeni huingia, kuoza huanza upya, hewa ya ukaa hutoka, na ardhi yenyewe hushuka. Mfereji mmoja, basi, wagusa vyote vinne kwa mara moja.

Hayo ndiyo yaliyotokea Rugezi. Watu walikuwa wengi, mashamba ya milimani yamechoka, nao wakachimba mifereji bondeni wapate kulima. Milima iliyozunguka ililimwa bila matuta ya kutosha, udongo ukashuka na mvua. Nisiwasingizie wakulima peke yao: miaka ile mvua nayo ilipungua, na mtambo wenyewe ulitumia maji mengi kuliko yaliyoingia ziwani. Kina cha Burera kilishuka sana, mtambo wa Ntaruka ukatoa sehemu ndogo tu ya nguvu zake. Serikali ikakodi mitambo ya mafuta kwa gharama kubwa mno, na bei ya umeme ikapanda.

Ndipo kulima na kuchimba mifereji katika kinamasi kulipopigwa marufuku, mifereji ikazibwa, matuta yakakatwa milimani, mianzi na nyasi zikapandwa kando ya ziwa. Sheria ya mazingira ya mwaka 2005 iliagiza kuacha mita 50 kutoka ukingo wa ziwa na mita 10 kutoka ukingo wa mto. Mwaka huohuo Rugezi pamoja na Burera na Ruhondo, hekta 6,736, ziliandikwa katika orodha ya mapatano ya Ramsar, ambayo hulinda vinamasi vya dunia. Maji ya Burera yalipanda tena, na Ntaruka ikarudiwa na nguvu zake. Korongo mwenye taji, umusambi wetu, huzaa humo. Yumo pia ndege mdogo wa kahawia aitwaye kwa jina la Grauer, ambaye haonekani popote duniani isipokuwa katika vinamasi vya nyanda za juu za Rwanda, Burundi, Uganda na Kongo.

Lakini jambo moja halinipi raha. Sisi wa Kacyiru tulirudishiwa taa. Mtu wa Rugezi aliyekuwa na kipande cha viazi bondeni alinyang'anywa kipande hicho, na nyumba nyingi za milima ile zilikuwa hazina hata nyaya. Mwenzangu mmoja asema sheria ni sheria, na bila maji hata viazi havipo. Nakubali. Hata hivyo naona kwamba aliyelipa deni si aliyefaidi nuru, na katika kitabu chetu sijaona sura isemayo habari zake.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mliotutangulia shuleni hapa: kama yuko miongoni mwenu afundishaye au akaaye upande wa Burera, karibu na kinamasi, na amwandikie mhariri. Atuambie jamaa wale walipewa nini badala ya mashamba yao, wanalima wapi sasa, na kama usiku nao wanawasha taa.