Jatrofa: Itawasha Mashini Yetu ya Umeme?

Muhula uliopita mazuti yalikosekana na tulikaa karibu juma mbili bila kusoma usiku. Ndipo wengine wakasema: «Tung'oe mihogo ya shamba la masomo, tupande jatrofa, tujitengenezee mazuti.» Sisi wa darasa la ine la biolojia tulipewa kazi ya kuchunguza neno hilo.

Jatrofa munaijua: ni ule mti mdogo wa lupango ambao mbuzi hawali. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Wareno ndio waliouleta Afrika. Katika kilo 100 za mbegu mna mafuta kilo 30 au zaidi. Yanafanya sabuni, yanawaka katika taa, na ni kweli yanaweza kuendesha motere ya mazuti, ingawa mabichi ni mazito na yanaziba filtri. Tena tarehe 30 Desemba 2008 ndege ya Air New Zealand iliruka, na motere yake moja ilikunywa mafuta ya jatrofa yaliyochanganywa nusu kwa nusu na mafuta ya kawaida ya ndege. Basi wenzetu hawakuota.

Lakini tufanye hesabu. Kwenye udongo mbaya hekta moja mara nyingi haitoi hata tani moja ya mbegu kwa mwaka. Tuseme inatoa. Kwa kukamua na mashini ya mkono, kilo 4 za mbegu zinaleta litri moja hivi. Tani moja ni litri 250. Mashini yetu inakunywa litri 3 kwa saa, nasi tunasoma saa 4 kila usiku, ni litri 12. Hekta nzima, masiku 20 tu! Na shamba letu halifiki hekta. Sasa wa internati watakula nini?

Wanaosifu mti huu wanasema hauombi mvua wala udongo mzuri. Kuishi, utaishi. Kuzaa ni neno lingine. Huko Kisarawe, Tanzania, kampuni moja ya Uingereza ilipewa zaidi ya hekta 8,000 za vijiji. Mwaka 2011 kazi ilisimama, na wanavijiji walibaki bila mshahara, bila ardhi. Tena matunda hayaivi pamoja: unachuma leo haya, juma lijalo yale, kwa mkono.

Kwa hiyo tumemwambia mwalimu wa shamba: mihogo ibaki. Jatrofa tuipande kwenye lupango upande wa njia, pale mbuzi wanapopitia. Mvua ya kwanza ikinyesha, kila mtu alete vipande viwili vya tawi, urefu wa mkono. Mbegu za kwanza tutajaribia sabuni. Makapi ni mbolea nzuri, lakini musiwape nguruwe, yana sumu.

Na ninyi wadogo wa mwaka wa kwanza, sikieni: mbegu hizo mdomoni ni tamu sawa karanga, kiisha ni kutapika na kuhara. Aliyekula apelekwe dispanseri palepale, asifiche.